Istilahi za Upigaji Picha: Pembe, Tundu na Bei ya Lenzi

Katika makala haya tunakusudia kulijadili fungu dogo tu la istilahi za upigaji picha, yaani zile anazozihitaji mtu atakaye kununua lenzi ya pembe pana kwa ajili ya kamera ya kipimaumbali, naye hana fedha nyingi. Huenda msomaji akaona kuwa jambo hili ni dogo mno kujazia kurasa za jarida la lugha. Sisi hatuoni hivyo. Istilahi za sheria na za utawala zikikosewa, aghalabu hupatikana mtu wa kuhoji kabla madhara hayajatokea. Istilahi za vifaa hukosewa kimya kimya. Mfasiri huandika neno, karani huliingiza katika hati ya zabuni, mwuzaji huleta kitu kinacholingana na neno lile, na mwishowe fedha zimekwisha na kitu kilicholetwa hakiifanyi kazi iliyokusudiwa. Hapo hapana wa kulaumiwa, maana kila mmoja alilifuata neno.

Tuanze na kamera yenyewe. Tunayoizungumzia ni ile isiyokuwa na kioo cha kuakisi ndani yake. Mpiga picha hatazami kupitia lenzi, bali hutazama kupitia kidirisha kilichopo juu ya kamera. Katikati ya kidirisha hicho huonekana taswira mbili za kitu kile kile, moja ikiingia kwa kidirisha chenyewe na nyingine ikiletwa kutoka katika kitundu kilicho mbali nacho kidogo. Mpiga picha aizungushapo pete ya lenzi, taswira hizo husogeleana, na zinapolaliana barabara ndipo anapojua kuwa lenzi imewekwa sawasawa na umbali wa kitu anachokipiga. Kampuni ya Ernst Leitz ya mji wa Wetzlar, Ujerumani, ilianza kuuza kamera ndogo ya Leica mwaka 1925, nayo haikuwa na chombo hiki. Leica II ya mwaka 1932 ndiyo iliyokuja na kipimio kilichofungamana na lenzi. Na Leica M3 ya mwaka 1954 ilikitia kipimio na kidirisha mahali pamoja, ikaweka na mtindo wa kuifunga lenzi ambao hata leo unatumika. Kamera za namna hii, za Kijerumani, za Kirusi na za Kijapani, bado zinauzwa zikiwa zimekwisha kutumika, na katika miaka ya karibuni watu wengi waliozisahau kamera za filamu wamezirejea.

Je, chombo hicho cha kupimia tukiiteje? Tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza ingetupa "kitafutamasafa". Neno hili linavutia, kwa kuwa limeundwa kama vitenzi na nomino nyingi tulizokwisha kuziunganisha. Ila lina kasoro kubwa. Masafa kwa maana ya umbali ni neno la zamani na zuri. Lakini tangu redio ilipoingia majumbani mwetu, msikilizaji wa kawaida alisikiapo "masafa" hufikiria masafa mafupi na masafa ya kati. Kitafutamasafa kwake kitakuwa ni kile kirungu cha redio cha kutafutia stesheni. Hata "kipimamasafa", ambacho kingekaa vizuri pamoja na kipimajoto, fundi wa mitambo atakidhania kuwa ni chombo cha kupimia mawimbi ya redio. Kwa hiyo tunapendelea "kipimaumbali", na kamera yenyewe tunaiita "kamera ya kipimaumbali". Neno ni refu, lakini mtu asiyewahi kuiona kamera hiyo atalielewa.

Sasa tuje kwenye pembe. Kila lenzi ina urefu wake wa fokasi, nao huandikwa kwa milimita kwenye ukingo wake. Walimu wa fizikia wameizoea istilahi hii, nasi hatuoni sababu ya kuibadili. Tunaonya tu kwamba isifupishwe ikawa "urefu wa lenzi", kwa sababu mnunuzi atachukua rula na kuupima mwili wa lenzi. Urefu wa fokasi ni umbali baina ya lenzi na mahali inapokusanya miale ya kitu kilicho mbali sana, kama mtoto anavyokusanya miale ya jua kwa kioo cha kukuzia mpaka karatasi ikaungua. Kadiri urefu huo unavyopungua, ndivyo pembe ya mandhari inayoingia katika picha inavyopanuka. Katika filamu ya kawaida, ambayo picha yake ina ukubwa wa milimita 24 kwa 36, lenzi ya milimita 50 huona pembe ya nyuzi 47 hivi kutoka kona hadi kona. Ya milimita 35 huona nyuzi 63. Ya milimita 28 huona nyuzi 75. Na ya milimita 21 huvuka nyuzi 90.

Nyuzi, hata hivyo, hazimwambii neno mtu asiyekuwa mwana hesabu. Mwalimu anaweza kulieleza jambo hili vizuri zaidi kwa kichochoro. Tuseme tumesimama katika kichochoro cha Mji Mkongwe wa Unguja, au cha Lamu, tumeegemea ukuta, na mbele yetu, umbali wa mita 2, upo mlango wa nakshi wenye kimo cha mita 2.5 pamoja na fremu yake. Nyuma hatuwezi kurudi, maana ukuta wa jirani umetuzuia. Tukiisimamisha kamera wima, lenzi ya milimita 50 itachukua kimo cha mita 1.4 tu; tutapata kufuli na misumari bila ya kizingiti cha juu. Ya milimita 35 itachukua mita 2 na kitu. Ya milimita 28 itachukua mita 2.6 kasoro kidogo, yaani mlango mzima na nafasi ya kupumua. Hesabu yake ni nyepesi: 36 gawanya kwa urefu wa fokasi, kisha zidisha kwa umbali. Mwanafunzi wa shule ya msingi aweza kuifanya, na ofisi inayotaka kupiga picha za majengo ya kale ingefaa iifanye kabla ya kuandika barua ya kuagiza.

Hapa ndipo tunapokutana na kosa la kwanza la istilahi, nalo ndilo ghali kuliko yote. Watu wengi, hata wapiga picha wenyewe, hufupisha wakasema "lenzi pana". Katika mazungumzo ya studio hakuna madhara, kwa kuwa wote wanajua linalokusudiwa. Lakini katika maandishi, "lenzi pana" ni lenzi yenye kioo kipana. Na lenzi yenye kioo kipana ipo kweli, nayo ni kitu kingine kabisa: ni ile yenye tundu kubwa la kupitishia mwanga. Pembe na tundu ni mambo mawili mbali mbali. Lenzi yaweza kuwa na pembe pana sana na kioo kisichozidi ukucha wa kidole gumba, na yaweza kuwa na pembe nyembamba na kioo kipana kama kisosi. Kinachopandisha bei, kwa kiasi kikubwa, ni tundu. Mnunuzi aliyeambiwa kwamba anahitaji "lenzi pana" akaenda dukani na kuchagua ile yenye kioo kikubwa kwa imani kwamba ndiyo pana zaidi, amelipia kitu asichokihitaji, na pengine amekosa kile alichokihitaji.

Waingereza nao wamezidisha ugumu kwa kuiita lenzi ya tundu kubwa kwa neno lenye maana ya wepesi wa mwendo, kwa sababu mwanga mwingi huruhusu mlango wa kamera kufunguka na kufunga kwa muda mfupi zaidi. Tumepata kuona maelezo yaliyofasiriwa ambamo lenzi hizo ziliitwa "lenzi za haraka". Haraka ya nini? Msomaji atadhani kwamba zinafungwa upesi kwenye kamera, au kwamba zinajirekebisha zenyewe. Kiswahili hakina haja ya fumbo hili. "Lenzi ya tundu kubwa" inasema wazi kitu kilivyo, na kinyume chake ni "lenzi ya tundu dogo".

Lipo na tatizo la namba. Tundu hutajwa kwa namba kama 2, 2.8, 4 na 5.6, na kila msomaji mgeni hustaajabu kuona kwamba namba ikiongezeka tundu linapungua. Mshangao utaondoka akifahamishwa kwamba namba hiyo ni ya kugawia. Urefu wa fokasi ukigawanywa kwa namba, hupatikana kipenyo cha tundu. Kwa lenzi ya milimita 28, namba 2 ni tundu la milimita 14, na namba 4 ni tundu la milimita 7. Kipenyo kimepungua nusu, kwa hiyo mwanga umepungua mara 4. Basi tunashauri iitwe "namba ya tundu", wala si "ukubwa wa tundu", kwa sababu ukubwa ni jambo ambalo namba hiyo inalitaja kinyumenyume.

Je, mwenye fedha kidogo ana haja ya tundu kubwa? Kwa rai yetu, katika lenzi ya pembe pana mara nyingi hana. Katika jua la mchana, filamu ya kasi ya 100 huweza kupigwa kwa namba 16 na sehemu ya 1 kwa 100 ya sekunde. Hapo lenzi ya tundu dogo na ya tundu kubwa ni sawa. Ndani ya darasa au msikiti mambo hubadilika, lakini lenzi fupi huonyesha mtikisiko wa mkono kidogo kuliko lenzi ndefu, hivi kwamba mtu mtulivu huweza kuishika ya milimita 28 kwa sehemu ya 1 kwa 30 ya sekunde bila ya kuharibu picha. Mwenye kupiga picha za ngoma usiku au za harusi zisizo na taa ya kutosha, huyo atalihitaji tundu la 2 na alipie. Wengine watosheke na 2.8, 3.5 au 4.

Lenzi ya pembe pana ina faida nyingine inayompunguzia mnunuzi gharama, nayo imetuletea istilahi ngumu. Lenzi ikiwekwa kwenye umbali fulani, si umbali huo peke yake unaotoka vizuri. Kuna sehemu ya mbele yake na sehemu ya nyuma yake ambazo nazo huonekana bila ya ukungu. Tafsiri ya neno kwa neno ingekuwa "kina cha uwanja", na mwalimu akiliandika ubaoni wanafunzi watafikiria kiwanja cha mpira kilichochimbwa. Kina ni cha maji au cha kisima. Sisi tunapendekeza "ukanda wa uwazi", kama tusemavyo ukanda wa pwani, yaani eneo lenye mwanzo na mwisho. Ukanda huo hutanuka tundu likipunguzwa, na hutanuka zaidi urefu wa fokasi ukipungua. Lenzi ya milimita 50 iliyowekwa namba 8, hata ikichaguliwa umbali ufaao kabisa, ukanda wake huanzia kama mita 5 na kwendelea hadi upeo wa macho. Ya milimita 28, kwa namba ile ile ikiwekwa kwenye mita 3.3, ukanda wake huanzia mita 1.7 hivi. Maana yake ni kwamba katika mtaa wenye mwanga, mpiga picha aweza kuiacha lenzi ilivyo asikitazame kipimaumbali hata mara moja.

Kampuni ya Cosina ya Japani ililitumia jambo hili mwaka 1999, ilipoanza kutoa lenzi kwa jina la kale la Voigtländer. Mbili za kwanza, ya milimita 25 yenye namba 4 na ya milimita 15 yenye namba 4.5, hazikufungamana na kipimaumbali kamwe. Mpiga picha alikadiria umbali kwa macho na kuuweka kwenye pete. Kwa kuachwa kwa chombo kile, bei ilishuka, na watu wengi ambao hawakupata kumiliki lenzi ya pembe pana wakazipata. Baadaye zilitoka nyingine za urefu huo huo zenye kufungamana, nazo kwa mbali hufanana na zile za kwanza. Kwa hiyo neno linalozitofautisha lina uzito wa fedha. Mtu akiandika "lenzi isiyounganishwa", mnunuzi ataogopa kwamba haishiki kwenye kamera. Kwa sababu hiyo tunaona lingefaa neno "kuitikia". Lenzi inayoitikia kipimaumbali ni ile ambayo ikizungushwa nacho husogea. Isiyoitikia hushika vizuri kwenye kamera, ila kipimaumbali hakina habari nayo.

Kuhusu kushika kwenyewe, tunayo bahati kwamba kila nyumba yenye umeme inazo aina mbili za balbu, ya skurubu na ya pini. Lenzi za Leica za zamani, na za Kirusi za FED na Zorki zilizoiga, ni za skurubu yenye kipenyo cha milimita 39. Za tangu M3 huchomekwa na kuzungushwa kidogo mpaka zikalia, kama balbu ya pini. Lenzi ya skurubu huweza kutumiwa kwenye kamera ya pini kwa kuvishwa pete nyembamba ya unene wa milimita 1, kwa kuwa kamera za skurubu ziliwekwa umbali wa milimita 28.8 kutoka mdomoni hadi kwenye filamu, na za pini milimita 27.8. Kinyume chake hakiwezekani, maana hakuna pete ya unene pungufu ya sifuri. Tunaiita "pete ya kuunganishia"; "adapta" tuwaachie mafundi wa umeme.

Umbali huo mfupi ndio unaozifanya lenzi za pembe pana za kamera hizi kuwa ndogo na nafuu kuzitengeneza. Katika kamera yenye kioo cha kuakisi, kioo kinahitaji nafasi ya kuinuka. Kwa Nikon, kwa mfano, umbali kutoka mdomoni hadi kwenye filamu ni milimita 46.5. Lenzi ya milimita 28 ikiwekwa huko lazima iongezewe vioo vya kuusukuma mwanga nyuma zaidi. Katika kamera ya kipimaumbali kioo cha nyuma cha lenzi huweza kuingia ndani kabisa na kuikaribia filamu. Jupiter-12 ya Kirusi, ya milimita 35 na namba 2.8, iliyotokana na Biogon ya kampuni ya Zeiss, ni mfano mzuri, na kwa wenye fedha kidogo imekuwa kimbilio kwa miongo mingi. Lakini anayeinunua na aangalie mambo mawili. Kwanza, zilitengenezwa za skurubu na pia za kamera ya Kiev, ambazo hazishikani na Leica. Pili, tako lake limetokeza sana, hata katika baadhi ya kamera hugusa ndani. Leica M5 ya mwaka 1971 na CL ya mwaka 1973 zina mkono wa kupimia mwanga unaosimama nyuma ya lenzi, na tako hilo laweza kuuvunja.

Wenye kamera za dijiti za aina hii, ambazo Epson R-D1 ya mwaka 2004 ilikuwa ya kwanza, wajue kwamba lenzi iliyoikaribia filamu namna hiyo humwaga mwanga kwa mshazari kwenye kingo, na pembe za picha huweza kugeuka rangi. Filamu haikulijali sana jambo hilo. Tena katika R-D1, na katika Leica M8 ya mwaka 2006, eneo la picha ni dogo kuliko la filamu, kwa hiyo pembe hupungua. Lenzi ya milimita 28 kwenye M8 huona kama ya milimita 37.

Gharama inayosahaulika ni ya kidirisha. Kwa kuwa mpiga picha hatazami kupitia lenzi, mipaka ya picha huonyeshwa kwa mistari ya mwanga ndani ya kidirisha. M3 haina mistari ya lenzi yoyote iliyo fupi kuliko milimita 50. M2 iliyoifuata ina ya milimita 35, na M6 ya mwaka 1984 ina hata ya milimita 28. Anayemiliki M3 akanunua lenzi ya milimita 28, hana budi kununua na kidirisha cha nje cha kupachika juu ya kamera, pale panapochomekwa taa ya flashi. (Mahali hapo Waingereza hupaita kiatu, na penye waya wa umeme hupaita kiatu cha moto, tunamwomba mfasiri asithubutu.) Kwa ajili ya M3 zilitengenezwa pia lenzi za milimita 35 zenye miwani mbele ya kidirisha, nazo aghalabu huuzwa kwa bei nafuu kuliko nduguze zisizo na miwani. Neno "miwani" ni la wapiga picha wenyewe, nasi tunalipokea kwa mikono miwili.

Kwa mtu mwenye kamera moja na lenzi ya milimita 50, sisi tungemshauri anunue ya milimita 28 ikiwa kidirisha chake kinaruhusu au fedha za kidirisha cha nje zipo. Vinginevyo ya milimita 35. Ya milimita 21 huvuta na kurefusha nyuso za watu walioko kingoni, na anayeinunua kwa ajili ya kupiga picha za mikutano ya wafanyakazi atapata malalamiko.

Kwa ofisi inayoandika hati ya kuagiza, maneno yafuatayo yangetosha: lenzi ya pembe pana ya milimita 28, ya skurubu ya milimita 39, inayoitikia kipimaumbali, yenye namba ya tundu isiyozidi 4, pamoja na pete ya kuunganishia na kidirisha cha nje cha milimita 28. Karani na aangalie neno "isiyozidi". Katika hati za zabuni mazoea yetu ni kuandika "isiyopungua", kwa kuwa twataka tusipunjwe. Hapa "isiyopungua 4" itampa mwuzaji ruhusa ya kuleta lenzi yenye namba 5.6 au 8, naye atakuwa ametimiza masharti.